Nimefunga, Alhamdulillahi

Moza wa Somanga ana ulimi ambao hata makondakta wa mabasi ya kusini wanauogopa. Ukimshika samaki wake wa kukaanga ukamgeuzageuza bila kununua, atakuuliza umekuja kumla au kumchumbia. Lakini siku ile ya Ramadhani ulimi wote ulikuwa umemkauka, na si kwa saumu peke yake. Kaka yake Abdulrazaki alikuwa njiani kutoka Dar es Salaam, na alichokuwa anakifuata ni mama yao, Bi Somoe.

Alishalisema kwa simu bila kuzunguka. "Moza, nikija nikute koki mpya jikoni, sakafu kavu, na maji yanatoka. Nikikosa hata kimoja, mama anapanda gari naondoka naye. Sitaki kuja huko kuzika mtu kwa ajili ya koki."

Cha kuudhi ni kwamba hakusema uongo. Koki ya zamani, ya plastiki, ilikuwa inavuja tangu siku ilipowekwa. Moza aliibana kwa mpira wa baiskeli, akaizungushia kitambaa, akaitegea bakuli chini, nayo ikatafuta pengine pa kuvujia. Mwezi wa Shaabani Bi Somoe aliingia jikoni kutafuta kijiko, akateleza, akakaa chini puu, nyonga ikavimba. Uvimbe haujashuka, Abdulrazaki alishajua. Somanga ukipiga chafya huku, kuna mtu anapiga simu kule kukuombea dua.

Na Bi Somoe si mtu wa kuangushwaangushwa. Ana sukari, miguu imechoka, na tangu alipoiacha mikorosho yake Nyangamara anakaa kwa Moza. Moza naye hana mwingine. Mume alikwenda zake zamani, akaoa Mtwara, salamu anatuma kwa watu. Binti wa pekee kaolewa mbali. Jioni Moza akirudi na karai lake kutoka barabarani, ananuka mafuta mwili mzima, wa kumwambia "pole mwanangu" ni yule mzee tu. Halafu kuna habari ya shangazi yao. Shangazi alipelekwa Dar es Salaam kutibiwa macho, akaondoka anatembea kwa miguu yake, anacheka, kabeba na mfuko wa korosho za kugawa. Alirudi kwenye sanduku. Tangu hapo Moza akisikia mtu anasema "tumpeleke Dar akapumzike", huinuka akaondoka.

Basi alikwenda mpaka Nangurukuru, akanunua koki ya chuma yenye shingo ndefu iliyopinda kama ya bata, akarudi nayo kwenye gari kaivingirisha khanga kama kichanga. Akamwita Dismas.

Dismas ni fundi bomba, Mkatoliki wa huko juu kwenye milima ya Wamatumbi, aliyeshuka pwani kutafuta kazi na kazi ikampenda. Alikuja asubuhi, akavua viatu mlangoni, akazunguka nyuma kumwamkia Bi Somoe aliyekuwa amekaa kibarazani. Akasema "Shikamoo bibi", akaitikiwa "Marahaba mwanangu, karibu". Kisha akaingiza kichwa chini ya sinki, akatulia humo kama mtu anayesali.

"Dada Moza," alisema baadaye, "hii koki nani alikuwekea?"

"Fundi."

"Huyo si fundi. Huyo mpita njia kaokota spana."

"Na wewe usije ukawa mpita njia mwenzake. Kaka yangu anakuja leo."

"Anakuja kuoga jikoni?"

"Anakuja kunichukulia mama, Dismas. Fanya kazi."

Dismas akautoa uso wake chini ya sinki, akamwangalia, akaacha mzaha. "Basi nenda nyuma, mama, kafunge koki kubwa ya tangi. Ukishafunga niambie, ndiyo nianze kuing'oa hii."

Tangi lenyewe dogo, jeusi, limekaa juu ya mnara wa matofali nyuma ya nyumba, karibu kabisa na kibaraza cha Bi Somoe. Maji ya bomba la kijiji yalitoka juzi yake, Moza akalijaza mpaka likafurika. Yakishakatika hujui yatarudi lini, na ya visima vya pale jirani yana chumvi, ukipikia uji unadhani umeikoroga bahari. Kwa hiyo yale ya tangini ndiyo yalikuwa maji ya kumwonyesha Abdulrazaki.

Moza akatoka nyuma. Mama yake alikuwa amejikunyata ndani ya khanga, macho kayafumba, kichwa kaegemeza ukutani.

"Mama, uji umekunywa?"

"Nimekunywa, mwanangu."

Kweli, bakuli lilikuwa tupu, limelambwa. Kuku wa jirani walikuwa wamesimama pale pembeni, wamejipanga kama watu waliofika kwenye shughuli wakakuta sahani zinaoshwa. Moza akawafukuza kwa kandambili. Alikuwa anaunyoosha mkono kwenye koki ya tangi simu ikalia.

Abdulrazaki. Na nyuma ya nyumba simu haishiki, inakatakata maneno tu. Moza akageuka mbio kwenda upande wa barabarani, sikio moja kwenye simu, koki ya tangi kaiacha kama ilivyo.

"Nishapita Ikwiriri," kaka yake alisema.

"Ikwiriri? Si ulisema jioni?"

"Barabara nyeupe. Koki imeshawekwa?"

"Fundi yuko ndani."

"Yuko ndani anafanya, au yuko ndani anakunywa chai?"

"Chai gani Ramadhani hii, we Abdulrazaki? Unaendesha gari au unanifanyia usaili? Tazama mbele, usije ukagonga ng'ombe wa watu."

"Moza, sitanii. Chumba cha mama nimeshakitandika."

Neno hilo lilimpiga kifuani. Kukitandika! Mtu hajafika kuona, kitanda tayari. Moza alikuwa bado anatafuta jibu la kumchoma nalo aliposikia yowe kutoka ndani ya nyumba.

"Mama! Maji! Mama eee, maji!"

Alipofika jikoni hakukuwa na jiko tena, kulikuwa na mto. Maji yalikuwa yanaruka kutoka ukutani, yanampiga Dismas kifuani, yanagonga ukuta wa pili na kurudi. Koki ya plastiki ilikuwa mkononi mwa Dismas na kipande cha bomba la ukutani kimeng'ang'ania kwenye hiyo koki. Unga wa futari ulikuwa unaelea. Mkaa ulikuwa unaelea. Sufuria la magimbi lilikuwa linasafiri kwenda mlangoni.

"Rudisha hiyo koki!" Moza alipiga kelele.

"Hairudi! Elbo imepasuka, ile kona ya ukutani! Kafunge tangi!"

Moza akakimbilia nyuma, akaikamata koki kubwa kwa mikono miwili. Haikusogea. Kutu ya chumvi ilikuwa imeigandisha. Akakaza meno, akaining'inia kwa uzito wake wote, na ule ni uzito wa kuheshimika. Mkono wa koki ukakatika, ukabaki kiganjani mwake. Dismas akaja mbio na spana, akajaribu kukishika kisiki kilichobaki. Spana ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena, mpaka damu ikamtoka kidoleni.

Walirudi ndani wakashindilia khanga kwenye tundu la ukutani. Ilipunguza tu. Walikinga ndoo, walikinga karai, walikinga mpaka birika. Vyombo vikaisha, maji hayajaisha, yakaendelea kutoka mlangoni kwenda uani na mchanga ukayanywa bila hata kubakiza dimbwi. Halafu tangi likaanza kukoroma, na baada ya kukoroma likanyamaza.

Moza alisimama katikati ya jiko, maji kwenye vifundo vya miguu. Akauliza polepole, na waliomzoea wanajua akiuliza polepole ni hatari kuliko akifoka.

"Dismas. Ulifungua bila kuambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na wewe. Nilikuita nikakuuliza, mama, umefunga? Ukanijibu kwenye matundu hayo ya hewa hapo ukutani, upande wa kibarazani, nimefunga."

"Mimi? Mimi nilikuwa barabarani naongea na simu! Usinitie wazimu na njaa yangu hii. Mimi nimekujibu?"

"Dada Moza, masikio yangu hayajafa. Sauti ni yako hii hii. Nimekuuliza, mama, umefunga? Ukasema, nimefunga, alhamdulillahi. Mpaka nikacheka peke yangu huku chini, nikasema hawa ndugu zetu wacha Mungu, hata koki wanafunga kwa kushukuru."

Moza alikuwa ameshafungua kinywa kumtukana. Akakifumba.

Alhamdulillahi?

Nani anafunga koki akasema alhamdulillahi? Na nani mwingine kwenye nyumba ile ana sauti hii hii, kiasi kwamba hata binti yake akipiga simu huwachanganya? Jibu lilimjia, baridi ikampanda kutoka kwenye yale maji mpaka kisogoni.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Mama kafunga."

"Kafunga koki?" Dismas aliuliza.

"Kafunga saumu, Dismas! Kafunga Ramadhani! Na ana sukari!"

Daktari alikataza. Alikataza mbele ya Moza, akarudia mara ya pili kwa sababu Bi Somoe alijifanya hasikii. Dawa zile ukimeza lazima ule, vinginevyo sukari inashuka na mtu anaweza kuondoka hivi hivi kama anasinzia. Shehe naye alishasema mgonjwa ana udhuru, na fidia Moza alishaitoa, mchele akaupeleka kwa wenye shida kabla mwezi haujaandama. Jambo lilikuwa limekwisha. Kila asubuhi Moza anakoroga uji, anaufunika, anamwekea mama kibarazani, anatoka kwenda kutafuta samaki. Akirudi bakuli jeupe. Na kuku wa jirani wananenepa.

Alimkuta Bi Somoe pale pale ukutani. Hakuwa amesinzia. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni na ngozi ni ya baridi kama samaki wa kwenye barafu. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya mapaja, na yeye anaitazama kama mikono ya mtu mwingine.

"Mama! Mama, nitazame. Umefunga?"

Bi Somoe akainua macho taratibu. "Hata yule kijana wa bomba kaniuliza," alisema, ulimi mzito. "Mkristo wa watu, kaniuliza, mama umefunga? Tangu mwezi uandame, nyie humu ndani hakuna aliyeniuliza."

"Hatukukuuliza kwa sababu hutakiwi kufunga! Na dawa? Dawa umemeza?"

"Nimemeza kwa daku."

"Bila kula kitu?"

Bi Somoe akaugeuzia uso ukuta. Moza akamwangalia Dismas aliyesimama kwenye kona ya nyumba, suruali inachuruzika. "Sukari! Kopo liko rafuni juu, halijaloa. Leta na kikombe cha maji!"

Dismas alileta, kakoroga kwa kijiko. Moza akakipeleka kikombe mdomoni kwa mama yake. Mdomo ulikuwa umebanwa kama mlango wa duka siku ya Idi.

"Kunywa, mama."

"Jua bado liko juu."

"Kunywa, nakuomba."

"Mpaka magharibi."

"Magharibi imeshaingia, mama, adhana imelia, hukusikia tu."

Bi Somoe, katika hali ile ile, akapata nguvu ya kumwangalia kwa dharau. "Na jua hili ni la nani?"

Moza akapiga magoti. Akamwomba kwa Mungu, kwa Mtume, kwa kaburi la baba yao. Alimtisha, alimbembeleza, alimwita mama, alimwita mtoto. Mzee akawa anatikisa kichwa tu, na kila akitikisa kinakawia zaidi kurudi katikati. Dismas akasema aende kutafuta bodaboda, wampeleke zahanati. Moza akamzuia kwa mkono. Zahanati ni mpaka ufike, na ukishafika umkute mtu.

"Kwa nini, mama?" alisema, na sasa alikuwa analia wazi, kamasi na machozi. "Mungu kakusamehe, wewe unamkatalia? Unataka nini?"

"Nyumba nzima imefunga," Bi Somoe alisema. Maneno yalikuwa yanatoka moja moja. "Mtaa mzima umefunga. Mimi nikae barazani nanywa uji peke yangu, mchana, kama mtoto asiyejua kujifuta pua. Watu wanakatiza uani wananitazama. Peke yangu, Moza?"

Moza akajifuta uso kwa khanga. Kisha akakichukua kile kikombe, akakipeleka kinywani kwake mwenyewe, akapiga mafunda makubwa, mchana kweupe, mbele ya mama yake na mbele ya fundi na mbele ya kuku. Akajifuta mdomo.

"Haya. Sasa hata mimi sikufunga. Hauko peke yako tena, tuko wawili. Kunywa."

Bi Somoe alitoa macho. "Astaghfirullah! Umefungua bila udhuru!"

"Udhuru wangu ni wewe. Nitailipa. Kunywa, au nimalize nikachukue na magimbi."

Na kwa mshangao tu, mdomo ukiwa umebaki wazi kwa huo huo mshangao, mzee akanywa. Akanywa kidogo, akakohoa, akanywa tena. Dismas akageuza uso kando, akafanya ishara ya msalaba, akasema anakwenda dukani kutafuta elbo na koki ya tangi.

Kikombe cha pili Bi Somoe alikishika mwenyewe, ingawa meno yalikuwa yanakigonga. Rangi ikaanza kumrudi. Na rangi iliporudi, akili ikarudi nayo, na akili ya mama yule ni kali.

"Abdulrazaki asijue," alisema.

Moza akajishughulisha kumfunika khanga mabegani.

"Akijua ananichukua. Unamjua kaka yako. Mwambie maji yalimwagika, basi. Moza. Unanisikia?"

"Nakusikia, mama."

Dismas alirudi, akaweka elbo, akaweka na koki nyingine kubwa kule tangini, akaifunga ile yenye shingo ya bata juu ya sinki, akaizungushia utepe wake, akaikaza. Ilikaa vizuri kweli. Moza alikausha sakafu kwa khanga zote alizonazo, mpaka ya harusi. Abdulrazaki alipoegesha gari mlangoni sakafu ilikuwa kavu, koki inameta, na mama amekaa kitini amevaa khanga kavu. Vitu vyote alivyovitaka vilikuwepo isipokuwa kimoja.

Aliingia, akambusu mama yake mkono, akaenda moja kwa moja jikoni. Akaifungua koki. Ikakohoa, ikatoa upepo, ikanyamaza.

"Hili pambo?"

"Maji yamemwagika," Moza alisema.

"Nani kayamwaga?"

Kabla Moza hajasema neno Dismas akasogea mbele. "Ni mimi, kaka. Nimefungua kabla sijakwenda kuhakikisha kwa macho yangu. Kosa langu."

Abdulrazaki alimshukia yule mtu maneno ambayo hapa hayaandikiki, na mengine ilibidi amwombe Mungu msamaha papo hapo kwa kuwa amefunga. Fundi gani hajui koki imefungwa au haikufungwa? Dismas alisimama anaangalia vidole vyake vya miguu. Hakumtazama Moza, na hakumtazama bibi aliyemjibu kwenye matundu ya ukuta. Alibeba lote.

Hasira ya Abdulrazaki ni ya moto wa makuti. Ilipozima akamwangalia mama yake, akamwona anatabasamu.

"Lakini koki nzuri, baba," Bi Somoe alisema. "Tazama inavyong'aa. Najiona na sura."

Abdulrazaki akaigusa ile shingo, akaitikisa, ikasimama imara. Akapiga mluzi mdogo. "Nzuri. Hilo siwezi kukataa." Akakuna kidevu. "Basi nitazungumza na mtu mwenye gari la maji, alete leo leo hapa. Ila huyu fundi nisimwone tena. Na mama… tutazame mpaka Idi."

Moza alisikia. Tutazame mpaka Idi! Ameshinda. Mama anabaki. Jicho la Bi Somoe lilikuwa kwake, linamwambia funga mdomo wako huo mrefu mara moja tu katika maisha yako. Na Moza alikuwa tayari kuufunga, wallahi alikuwa tayari. Ila alitupa macho nje, akaona kuku wa jirani wamesharudi. Wamesimama pale kibarazani, wanaangalia lilipokuwa bakuli. Wanajua. Kesho asubuhi yeye atakuwa barabarani na samaki wake, na uji utakuwa pale pale, na kuku watakuwa pale pale.

"Abdulrazaki," alisema, akawapa kuku kisogo. "Abdulrazaki, fundi hana kosa. Alimuuliza mama kama kafunga. Mama akadhani anaulizwa saumu. Akajibu kafunga."

"Moza!" Bi Somoe alisema.

"Na kweli kafunga. Dawa anameza kwa daku, uji anawapa kuku. Nusura nimpoteze hapo nje leo."

Abdulrazaki alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mwanamume mzima na shati lake la safari, akashika kichwa. Alipokiinua alikuwa na uso wa siku ya shangazi.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu mwezi uandame," Bi Somoe alijibu, na hakumtazama yeye, alikuwa anamtazama Moza, kwa namna ambayo Moza hajawahi kutazamwa na mtu anayempenda.

"Mkusanyie nguo," Abdulrazaki alisema. "Tunaondoka."

"Sawa," Moza alisema.

Kaka yake alikuwa amejiandaa kwa vita. Hakuwa amejiandaa kwa sawa.

"Mchukue," Moza aliendelea. "Bora nimkose humu ndani kuliko nimkose kabisa. Lakini uniambie kitu. Mchana nani anakaa naye?"

"Mke wangu yupo."

"Shemeji anauza Kariakoo, anatoka giza, anarudi giza. Wewe uko dukani kwako. Nani anakaa naye?"

"Kuna binti wa kazi."

"Binti wa kazi! Mimi nilinyonya kwa huyu mama, na nimedanganywa na bakuli nusu ya mwezi. Binti wa watu atamuweza wapi? Akiambiwa 'nimekula, mwanangu, Mungu akuzidishie', si ataitikia amina?"

Abdulrazaki aliinuka kwenye ndoo. Akaangalia ile koki, akaiangalia na sakafu, kama mtu aliyepewa vipimo akaja navyo, akakuta kitu cha kupima ni kingine.

"Wote mnanitaka," Bi Somoe alisema kutoka kwenye kiti chake. "Wa kukaa na mimi hayupo."

Lilikuwa neno la kweli, na likamwingia kila mmoja mahali pake.

"Nitakaa mimi," Moza alisema.

"Na samaki?" kaka yake aliuliza. Alijua anauliza nini. Ramadhani ndiyo mwezi wa Moza. Mabasi yanayofika Somanga jua likizama hushusha watu wenye njaa ya mchana kutwa, na karai lake ndilo huwa la kwanza kuisha. Mwezi ule unamlisha miezi mingine.

"Karai litapumzika. Kila mchana niko hapa mpaka Idi, sitoki. Wewe utatuma cha kutuweka, usipotuma nitakuja kukaanga mlangoni pa duka lako, nikuaibishe."

Abdulrazaki hakucheka. Alikubali mpaka Idi, hapo ndipo atasema tena. Akasema kila adhuhuri atapiga simu, na simu iwekwe karibu na mdomo wa mama, anataka kumsikia akitafuna. Kisha akamfuata Dismas nje. Walizungumza nini, Moza hakusikia, ila aliwaona wamepeana mikono na Abdulrazaki ndiye aliyeinama zaidi. Akaondoka kabla ya futari.

Kesho yake Moza alimwachia Agnes nafasi yake barabarani, Agnes anayeuza mihogo na alikuwa akiimezea mate nafasi ile siku zote. Hakumwambia sababu. Akarudi nyumbani. Mama yake hakuwa amesema naye tangu jana. Salamu aliitikia, kwa sababu salamu ya Mungu lazima iitikiwe, lakini zaidi ya hapo hakuna. "Pole mwanangu" haikuwepo.

Adhuhuri Moza alifunga mlango wa mbele, akafunga na dirisha la upande wa njia, watu wasione. Akaweka uji na viazi mbele ya mama yake, na simu kando, Abdulrazaki alikuwa bado hajapiga. Akakaa chini kwenye mkeka, tumbo lake mwenyewe linaunguruma, saumu yake ameianza upya alfajiri. Bi Somoe aliuangalia uji kwa muda. Akamwangalia Moza.

"Geuka huko," alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. "Sitaki unione nikila."

Moza akageuka, uso kauelekeza ukutani. Hakuweza kuona kitu. Akayakaza masikio kwa nguvu zake zote. Akasikia kijiko kimegusa bakuli. Kikanyamaza. Akabana pumzi, vidole kavitia kwenye mkeka, hathubutu kugeuka, hathubutu kuuliza.

Kijiko kikagusa tena.